Sauti na Sura: Taswira ya Siti binti Saad katika Wasifu na katika Nyimbo

1. UTANGULIZI

Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert na kuchapwa mwaka 1958, ni kitabu ambacho wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kukitaja kwa heshima na kukipita haraka. Hutajwa kwa sababu mwandishi wake ni Shaaban Robert, na kwa sababu ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vilivyomfanya mwanamke, tena mwanamke wa tabaka la chini, kuwa mhusika wa kitabu kizima. Hupitwa haraka kwa sababu wahakiki huvutwa zaidi na Kusadikika (1951), ambamo mambo ya utawala na haki yamefumbwa kwa namna inayomwita mhakiki ayafumbue. Wasifu hauonekani kuwa na fumbo. Unasimulia maisha ya mwimbaji tangu shamba hadi mjini, tangu umaskini hadi sifa, na tangu sifa hadi kaburini, na kila hatua ina mafunzo yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo ni wa juu juu. Chini yake mna swali zito: msanii wa kike anapochorwa na msanii mwingine, awe mchoraji wa rangi au mwandishi wa nathari, ni kitu gani cha maisha yake kinachoingia katika picha, na ni kipi kinachoachwa nje? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba Shaaban Robert alimpa Siti heshima ambayo wengi katika jamii yake walimnyima, lakini aliinunua heshima hiyo kwa kuifunika kazi yake. Kwa bahati njema, Siti aliacha ushahidi wake mwenyewe, nao ni nyimbo. Hivyo Wasifu hauna budi kusomwa pamoja na nyimbo, na pengine dhidi yake.

Ili hoja hii isionekane kuwa ya Unguja peke yake, makala yanaanza na mfano wa mbali, wa mwigizaji wa tanzia wa Ufaransa aitwaye Rachel, ambaye taswira zake ni nyingi na historia yake inafahamika vizuri. Kisha yanarudi Unguja kwa Siti na Wasifu wake. Mwisho yanafika Kiambu, ambamo Thika, Ruiru na vijiji vya Theta vimo, ili kuonyesha kwamba swali hili bado halijafungwa.

2. RACHEL: MWIMBAJI WA MITAANI ALIYEGEUZWA SANAMU

Rachel Félix, aliyejulikana jukwaani kwa jina moja tu la Rachel, alizaliwa mwaka 1821 huko Mumpf, Uswisi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wachuuzi, waliotembeza bidhaa zao kutoka mji hadi mji. Alipokuwa mtoto aliimba mitaani pamoja na dada yake, kwanza Lyon na baadaye Paris, ili kuokota senti za wapita njia. Sauti hiyo ya mitaani ndiyo iliyomfikisha kwenye mafunzo, na mwezi wa Juni 1838, akiwa na umri wa miaka 17, alipanda jukwaa la Comédie-Française akiwa Camille katika Horace, tanzia ya Corneille. Wakati huo tanzia za karne ya 17 zilikuwa zimeanza kuchosha watazamaji, waliopenda zaidi michezo mipya ya zama zao. Rachel alizifufua. Phèdre ya Racine, aliyoanza kuiigiza mwaka 1843, ilikuja kuhesabiwa kuwa kilele cha sanaa yake. Katika mapinduzi ya mwaka 1848 aliughani wimbo wa Marseillaise jukwaani, na watazamaji wakaona kwamba mbele yao imesimama Jamhuri yenyewe. Alifariki kwa kifua kikuu mwezi wa Januari 1858, akiwa na miaka 36.

Wachoraji walimwania. Mwaka 1854 Amaury-Duval alimchora na kuuita mchoro huo Tanzia. Mwaka 1859, Rachel akiwa amekwisha kufa, Gérôme alimchora amesimama penye nguzo za Kiyunani, amevaa mavazi ya kale, uso umekaza. Michoro hii ina ufundi mkubwa, lakini yote miwili inafanya jambo moja: inamwondoa mtu na kuweka dhana mahali pake. Mtazamaji haambiwi kwamba huyu alikuwa binti wa mchuuzi, wala kwamba sauti ile ilizoezwa kwa miaka, wala kwamba mwanamke huyu alibishana na wakuu wa jumba la michezo juu ya ujira wake. Mabishano hayo yalimletea lawama za tamaa ya fedha, na lawama zenyewe mara nyingi zilichanganywa na chuki dhidi ya Wayahudi. Jamii iliyomtukana alipodai ujira wake ndiyo iliyomsimamisha kama sanamu alipokuwa hawezi tena kudai kitu.

Taswira ya namna nyingine ilitolewa na mwandishi wa Kiingereza, Charlotte Brontë, aliyemwona Rachel akiigiza mjini London mwaka 1851. Katika riwaya yake, Villette (1853), msimulizi anakwenda kumtazama mwigizaji aliyepewa jina la Vashti. Msimulizi huyo anaogopa anachokiona. Anakihukumu, lakini hawezi kuondoa macho. Ubora wa taswira hii ni kwamba haifichi kazi: mwili unachoka, sauti inatumika, na ukumbi mzima unatikiswa na juhudi za mtu mmoja. Jina lenyewe limechaguliwa kwa akili. Katika Kitabu cha Esta, Vashti ni malkia aliyekataa alipoamriwa na mfalme aje aonyeshwe uzuri wake mbele ya wageni. Brontë, ijapokuwa ana wasiwasi wa kimaadili, anakumbusha kwamba mwanamke anayetazamwa ana uwezo wa kukataa.

Rachel mwenyewe hakuweza kukataa alipokuwa maiti. Picha yake ilipigwa akiwa kitandani pa mauti, na kwa kuifuata picha hiyo mchoro ukatengenezwa na kuenezwa bila idhini. Dada yake alikwenda mahakamani. Mwezi wa Juni 1858 mahakama ya Paris iliamua kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kutangaza sura ya marehemu kitandani pake bila ridhaa ya jamaa zake, hata kama marehemu alikuwa mtu mashuhuri. Hukumu hiyo imehesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya sheria ya Ufaransa kuhusu haki ya mtu juu ya sura yake. Kwa mhakiki wa fasihi, umuhimu wake ni kwamba inakiri wazi jambo ambalo wasanaa wengi hulisahau: kumchora mtu ni kuchukua kitu kwake.

Mwigizaji aliyemfuata kwa sifa, Sarah Bernhardt (1844–1923), alijifunza somo hilo. Alijichagulia wapiga picha na wachoraji, na katika miaka ya 1890 akafunga mkataba na Alphonse Mucha, ambaye matangazo yake ya rangi yaliifanya sura ya Bernhardt ijulikane katika kuta za Paris nzima. Alikuwa pia mchonga sanamu, na aliishi hadi zama za santuri na sinema. Rachel alikufa karibu miaka 20 kabla ya Edison kubuni mashine ya kunasa sauti mwaka 1877. Kilichosalia kwake ni michoro, sanamu na maneno ya watu wengine. Hapa ndipo panapopatikana tofauti kubwa kati yake na Siti, na tofauti hiyo ndiyo nguzo ya uhakiki unaofuata. Rachel aliacha sura nyingi bila sauti. Siti ametuachia sauti.

3. SITI NJE YA KITABU

Siti binti Saad alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, kwa wazazi wenye asili ya bara. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa la mapambo: utumwa ulikuwa bado halali Unguja, na hali hiyo haikufutwa kisheria hadi mwaka 1897. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti akawa mchuuzi wa vyungu, anavichukua kichwani na kuvinadi kwa sauti njiani. Mfanano wake na Rachel hauhitaji kusisitizwa. Wote wawili walijifunza thamani ya sauti zao barabarani, mbele ya watu wasiokuwa na wajibu wowote wa kuwasikiliza.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Huko alifunzwa uimbaji na Ali Muhsin, aliyekuwa mmoja wa wanachama wa Ikhwan Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905. Taarab wakati huo ilikuwa bado na harufu ya jumba la mfalme. Ilikuwa imeletwa Unguja kutoka Misri katika enzi ya Sayyid Barghash (1870–1888), na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti, pamoja na wenziwe akina Subeti Ambari, Mbaruk, Buda na Maalim Shaaban, aliiimba kwa Kiswahili. Aliimba mbele ya Sultani Khalifa bin Harub na mbele ya mafukara pia. Mwaka 1928 kundi lake lilikwenda Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, na kwa santuri hizo sauti yake ikasikika pwani na bara, mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, lilikuwa limekwisha kulifunika jina la Mtumwa.

Sifa hiyo haikupatikana bila maadui. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kejeli unaojulikana hadi leo. Maudhui yake kwa ufupi ni haya: wanauliza Siti alianza lini kuhesabiwa kuwa mtu, hali alitoka shamba amejifunga nguo duni, na kama si sauti angekula nini. Siti alijibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na utukufu wa nasaba si hoja, na kwamba hasara ya kweli ni mtu kukosa akili.

Majibizano haya yamenukuliwa mara nyingi kama mfano wa busara ya Siti, na ni kweli kwamba jibu lake ni la busara. Hata hivyo, wahakiki wameliacha jambo lililomo katika kejeli yenyewe. Wapinzani walipouliza kwamba kama si sauti angekula nini, walikusudia kumdhalilisha, lakini walisema kweli tupu. Siti alikula kwa sauti yake, kama mkulima alavyo kwa jembe lake. Alikuwa mwanamke asiye na nasaba, asiye na mali na asiye na elimu ya madrasa wala ya skuli, naye aliishi na kuwalisha wengine kwa kazi ya koo lake. Adui zake waliiona kazi hiyo vizuri zaidi kuliko baadhi ya marafiki zake. Jambo hili halina budi kukumbukwa tunapomgeukia Shaaban Robert.

4. SHAABAN ROBERT KAMA MCHORAJI

Shaaban Robert (1909–1962) alionana na Siti katika siku za mwisho za maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na kitabu kikatoka miaka minane baadaye. Hivyo Wasifu si hadithi iliyokusanywa kutoka kwa watu wa mbali. Ni kazi ya mwandishi aliyekaa na mhusika wake, na hilo peke yake laipa thamani ambayo haitapunguzwa na uhakiki wowote.

Lazima pia hali ya mwandishi ieleweke. Katika miaka ya 1950, kumwandikia kitabu mwimbaji wa kike mwenye asili ya utumwa lilikuwa tendo la ujasiri. Uimbaji wa mwanamke mbele ya wanaume ulihesabiwa na wengi kuwa uhuni. Wasifu wa Kiswahili ulikuwa umezoea watu wakubwa: masultani, masheikh, mashujaa wa vita. Shaaban Robert alijua kwamba msomaji wake angeuliza swali lile lile la wapinzani, yaani huyu alikuwa mtu lini hata aandikiwe kitabu? Kitabu kizima ni jibu la swali hilo. Kwa sababu hiyo msimulizi wake ana sauti ya wakili. Anamtetea mhusika kwa kutaja subira yake, unyenyekevu wake, ukarimu wake na uchaji wake. Kila tukio linapimwa kwa mizani ya maadili, na kila mara mizani inaonyesha upande wa Siti kuwa mzito.

Utetezi huu una gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba wakili mzuri huwa hamwachi mteja wake aseme sana. Hapa inafaa kulinganisha na Kusadikika. Katika riwaya hiyo Karama anashtakiwa, na mbele ya baraza anapewa siku za kujitetea. Anajitetea kwa kinywa chake mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka washtaki wake wanashindwa. Siti hakupewa baraza la namna hiyo. Anatetewa. Msomaji wa Wasifu anajua jinsi msimulizi anavyomwona Siti kuliko anavyojua jinsi Siti alivyouona ulimwengu. Ni ajabu kwamba mtu wa kubuni amepewa nafasi ya kusema kuliko mtu wa kweli ambaye kazi yake ilikuwa ni kusema.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi. Ili kumtoa Siti katika tuhuma ya uhuni, mwandishi anauhamisha utukufu wake kutoka kwenye kazi na kuupeleka kwenye tabia. Siti anakuwa mkubwa kwa sababu alikuwa mwema. Uimbaji unakuwa kipawa, yaani kitu kilichotoka mbinguni, na si ufundi uliopatikana kwa mazoezi ya usiku mwingi, kwa kufunzwa, kwa kukosolewa na kwa kukosoa. Kundi lake linarudi nyuma ili yeye aonekane peke yake. Lakini inajulikana kwamba nyimbo zile zilikuwa matunda ya kazi ya pamoja: wenziwe walikutana nyumbani kwake, habari za mji zikaletwa, maneno yakatungwa na kupangwa upya, na ala zikatafutiwa mwendo wa kuyafaa. Hapa Wasifu unafanya kwa maneno kile ambacho Amaury-Duval na Gérôme walikifanya kwa rangi. Wao walimfanya Rachel kuwa Tanzia. Shaaban Robert anamfanya Siti kuwa Adili.

Haifai kulifanya jambo hili kuwa kosa la mtu binafsi. Shaaban Robert aliandika katika mkondo ambao sanaa ilihesabiwa kuwa mwalimu, na mwalimu hutafuta mfano wa kuigwa. Isitoshe, bila kitabu chake mengi kuhusu Siti yangepotea. Walakini, mhakiki anayeridhika kurudia sifa za Wasifu anamwacha Siti mahali pale alipoachwa Rachel: amesimama penye nguzo, ametukuzwa, na kimya.

5. NYIMBO MBELE YA MSIMULIZI

Wimbo wa Kijiti ndio unaofaa zaidi kuonyesha kilichoachwa. Wimbo huu ulitokana na kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja na mtu aitwaye Kijiti. Muuaji alivuka bahari akatorokea bara. Sheria ya serikali ya kikoloni, iliyoshindwa kumpata mwenye damu mikononi, iliwaangukia wanawake waliofika kutoa ushahidi, na wao ndio waliofungwa. Siti na kundi lake waliutia mkasa huo katika wimbo, wimbo ukaingia katika santuri, na hukumu ambayo mahakama haikuitoa ikatolewa na wasikilizaji.

Ukiutazama wimbo huu kwa mizani ya Wasifu, hauna mahali pa kukaa. Hauthibitishi unyenyekevu wa Siti, wala subira yake. Unaonyesha akili inayopambanua, yenye kujua nani hushtakiwa na nani hupona katika mji uliogawanyika kwa nasaba, mali na jinsi. Zaidi ya hayo unaonyesha ujuzi wa fani. Tukio zima linasimuliwa kwa beti chache, majina ya watu yanatajwa bila kificho, na msikilizaji anaachiwa hasira yake mwenyewe bila kuhubiriwa. Wimbo hausemi kwamba dhuluma ni mbaya. Unaeleza nani alikwenda jela na nani hakwenda. Hii ni mbinu tofauti kabisa na ile ya Shaaban Robert, ambaye kwa kawaida hutoa tukio na funzo lake kwa mkono mmoja.

Basi inaonekana kwamba katika Wasifu mna wasanii wawili wenye nadharia mbili za sanaa. Mmoja ni mwandishi, anayeamini kwamba sanaa humwinua mtu kwa kumwonyesha mwenendo mwema. Mwingine ni mwimbaji, ambaye sanaa yake ilitaja mambo kama yalivyo na kuyaacha yaumize. Shaaban Robert aliifumba mahakama yake katika nchi ya Kusadikika, inayoelea hewani. Siti aliiimba mahakama ya Unguja, iliyokuwa na milango na mahakimu. Ni rahisi kueleza sababu za tofauti hiyo. Mwandishi alikuwa karani wa serikali, na maandishi hubaki yakasomwa na wakubwa. Mwimbaji alikuwa na kinga ya tarabu yenyewe, ambamo mafumbo, vijembe na kicheko humpa msemaji njia ya kuruka. Lakini kueleza sababu si kufuta tofauti. Mhakiki anayetaka kumjua Siti hana budi kuzisikiliza santuri, kwa sababu ndani yake msimulizi hayupo.

Historia ya baadaye ya Siti inathibitisha hoja hii. Waliomrithi hawakurithi adili bali kazi. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude na kufariki mwezi wa Aprili 2013, alizipokea nyimbo za Siti kwa masikio na kuziimba mpaka uzeeni, kwa sauti yake nzito isiyofanana na ya Siti, na kwa mwenendo ambao hakuna mwandishi wa maadili angeuweka katika kitabu cha mfano: alivuta sigara mbele za watu na alipiga ngoma. Yeye pia alichorwa. Filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2006 iliizungusha sura yake duniani. Hata hivyo anayeusikia Kijiti kinywani mwake anasikia ufundi uliohama kutoka koo hadi koo. Vivyo hivyo chama cha waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipotafuta jina la jarida lake, hakikuchukua subira ya Siti wala ukarimu wake. Jarida liliitwa Sauti ya Siti.

6. KUTOKA UNGUJA HADI KIAMBU

Huenda msomaji wa bara akaona kwamba mambo haya ni ya pwani na ya zamani. Sivyo. Katika nchi ya Kenya, Thika ni mfano mzuri wa mahali palipochorwa na wengine. Duniani mji huo ulijulikana kwanza kwa kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika (1959), kumbukumbu za utoto wa binti wa walowezi, zilizotengenezewa mchezo wa televisheni mwaka 1981. Katika taswira hiyo wenyeji wamo, lakini wamo kama watu wanaotazamwa.

Jaribio kubwa la kuwafanya watu hao wajiigize wenyewe lilifanyika Kiambu, katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru. Mwezi wa Oktoba 1977 wanakijiji walianza kuonyesha Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wachezaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa mashamba na viwanda, na wengi wao walikuwa wanawake. Waliikosoa lugha ya waandishi, wakaongeza nyimbo wazijuazo, wakajenga jukwaa kwa mikono yao. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kibali cha mchezo kiliondolewa, na mwisho wa Disemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 jumba lao la michezo lilibomolewa.

Tamthilia ilichapwa, ikatafsiriwa, ikaingia katika vyuo vikuu. Majina ya waandishi yanajulikana kila mahali, na yanastahili. Lakini wale wanawake waliosimama jukwaani hutajwa kwa jina moja la jumla: wanakijiji. Ikiwa Rachel aligeuzwa dhana na Siti akageuzwa funzo, wao wamegeuzwa umati. Ni namna ya tatu ya kufunikwa, nayo inawapata hata katika maandishi ya watu wanaowatetea. Mhakiki anayesifu umoja wa wafanyakazi bila kuuliza ni nani aliyeanzisha wimbo, ni nani aliyelia kwa namna iliyowaliza watazamaji, na ni nani aliyekataa neno fulani katika mazoezi akapendekeza jingine, anarudia kosa la kuuona utukufu bila kuiona kazi.

Mtu akiuliza swali hili liwahusuje wanafunzi wa Kiswahili wa leo, jibu liko karibu nao. Katika mashamba ya kahawa ya Ruiru, katika masoko ya Thika na katika mikutano ya kina mama wa Theta, wapo waimbaji na watambaji ambao sanaa yao inakusanywa kwa ajili ya tasnifu. Mara nyingi mtafiti huandika wimbo na kuliacha jina, au huandika jina na kuiacha kazi: alijifunza kwa nani, aliubadilisha wapi wimbo, alilipwa nini, alikatazwa nini. Kila mkusanyaji wa fasihi simulizi ni mchoraji wa sura za watu, na yampasa ajue kwamba anachukua kitu.

7. HITIMISHO

Makala haya hayakukusudia kumshusha Shaaban Robert. Yeye alifanya jambo ambalo wakati wake wachache walilithubutu, na Wasifu wa Siti binti Saad utaendelea kuwa kitabu cha lazima. Kilichokusudiwa ni kuonyesha kwamba heshima anayopewa msanii wa kike inaweza kuwa pazia. Rachel alipewa heshima ya sanamu, Siti akapewa heshima ya mfano mwema, na wanawake wa Kamiriithu wakapewa heshima ya umati. Katika hali zote tatu kinachopotea ni kimoja, nacho ni kazi ya mtu fulani, aliyejifunza, aliyechoka, aliyelipwa au kunyimwa malipo yake.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba Wasifu usifundishwe peke yake. Mwanafunzi asome kitabu, kisha asikilize santuri, kisha aulize msimulizi amekubaliana na mwimbaji wapi na wametengana wapi. Akifika kwenye ile kejeli ya wapinzani, asiipite kama matusi tu. Waliuliza kama si sauti Siti angekula nini. Angekula kwa kuuza vyungu, kama alivyofanya mama yake na kama alivyofanya yeye mwenyewe kabla ya mwaka 1911. Nacho chungu pia ni kazi ya mikono ya mtu, ijapokuwa anayekinunua hamwulizi mfinyanzi jina.